Kiti cha mtoto cha skuli kimekataa kutulia, mguu mmoja unaelea. Mafundi nisaidieni

Baba Ilham

Assalaam alaykum jamani. Mie si fundi, nauza vipuri vya baskeli hapa Wete, kwa hivyo mtanisamehe nikiita vitu kwa majina siyo. Binti yangu yuko kidato cha pili na maalim wao wa ufundi kawaambia kila mmoja atengeze kiti cha mtoto, kiti hasa cha miguu minne na egemeo, si kibao. Mchoro kawapa, vipimo vyote kwa milimita, kikalio kiwe juu 300 kutoka chini. Walipewa wiki sita, sasa zimebaki mbili na siku.

Mbao tumepata ya mfenesi. Shemeji yangu upande wa Konde aliuangusha mfenesi wake uliokuwa ushainamia nyumba, akapasua, akatupa vipande vya mbili kwa mbili na vya moja kwa nne bure. Mbao nzuri wallahi, manjano kama bizari. Mtoto kapima, kakata, kachimba matundu kwa patasi, kaunga, katia gundi, na hadi hapo mie nilikuwa sijagusa kitu, kazi yangu ilikuwa kushika tochi umeme ukikatika.

Sasa kiti siku mbili kilisimama vizuri, siku ya tatu kikaanza kucheza. Miguu mitatu inakanyaga, wa nyuma kulia unaelea, chini yake unapitisha sarafu. Na ule wa mbele kushoto ukiushika unatikisika tunduni kama jino la mtoto wa miaka sita. Tumekosea wapi? Na tupunguze mguu upi, maana tumepunguza kidogo na bado kinacheza, tena naona kama kimezidi.

Mchokozi wa Darajani

Yakhe nenda Mwanakwerekwe kanunue kimoja, kipake vumbi, mtoto apeleke skuli mambo yaishe. Projekti zote ndo zilivyo, kiti cha fundi, maksi za mtoto, na anaekibeba mpaka getini ni babake.

Bi Mkubwa wa Mkoani

Mchokozi ushaanza. Mie mwanangu wa kwanza tulimnunulia, kistuli kimekerezwa miguu, kinang'ara vanishi mpaka unajiona uso. Maalim akakitizama, hakusema neno, akampa mtoto randa na kipande cha mbao akamwambia hebu nirandie hapa kidogo. Mtoto akaishika randa kinyume nyuma mbele. Darasa zima lilicheka na mpaka leo wenzake wanamwita Fundi. Baba Ilham usinunue.

Fundi Mkunazini

Waalaykum salaam. Baba Ilham weka msumeno chini kwanza. Chini kabisa, ufungie kabatini.

Kabla hatujakilaumu kiti, sakafu yenu ikoje? Sakafu nyingi za saruji zina mabonde huyaoni kwa macho. Weka kiti pahala, ona mguu upi unaelea. Kisha kizungushe robo duara palepale. Kama ni mguu uleule unaelea basi ugonjwa uko kwenye kiti. Kama sasa unaelea mguu mwengine lakini ni upande uleule wa chumba, basi kiti hakina kosa, sakafu ndo mbovu na wewe umekata mguu wa mtu bure.

La pili, umeandika "tumepunguza". Nani kapunguza, mguu upi, na mara ngapi?

Baba Ilham

Nimekipeleka kwa jirani kwenye barza yake ya marumaru, nimekizungusha kama ulivyosema. Ni mguu uleule, unamfuata mwenyewe. Kwa hivyo kiti.

Kupunguza ni mara tatu hivi, kidogo kidogo tu, ule unaoelea.

Fundi Mkunazini

Ule UNAOELEA?

Shekhe wangu, mguu unaoelea ndio mfupi. Haukanyagi kwa sababu haufiki chini. Wewe umemkuta mgonjwa mwembamba ukamfungisha. Ndo maana unaona kimezidi.

Sikucheki, yaani nakucheka lakini si wewe wa mwanzo. Kosa hili nimelifanya mwenyewe nilipokuwa mwanagenzi, meza ya watu ya kulia chakula ikawa ya kahawa. Kila ukikata mmoja unaharibu hesabu ya mitatu iliyobaki, unazunguka hivyo mpaka kiti kinakuwa kibao cha mbuzi.

Sasa sikiliza. Usikate tena hadi kiungo kinacholegea kitengenezwe, maana kusawazisha miguu ya kiti kilicholegea ni sawa na kumpima mtu kimo akiwa anacheza ngoma. Kwanza viungo, halafu umbo, miguu ndo mwisho kabisa. Na hujajibu nani kakata, lakini nshajua.

Kijana wa Chake

Hahahaa "mgonjwa mwembamba ukamfungisha" 😂😂 nimekaa.

PatasiMkononi

Naomba niingie. Mie nimesoma ufundi Mikunguni, tulikuwa wasichana wachache sana na kiti cha mtoto nami nlifanya, kwa hivyo Ilham mpe salamu zangu.

Mbao ya shemeji iliangushwa lini na imekauka muda gani? Maana mfenesi haujakosa kitu, ni mbao nzuri ya samani, hukatika vizuri kwa patasi na ule umanjano wake unageuka hudhurungi kwa miaka. Lakini kama iliangushwa juzi basi ilikuwa bado ina maji ndani, na mbao ikikauka husinyaa. Tena haisinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu karibu hamna kitu, kwa upana ndo inapungua, na ukifuata duara za mti inapungua karibu mara mbili kuliko ukielekea kwenye kiini. Ndo maana mti wa duara ukikauka unapasuka na ubao bapa unajikunja kama papadi.

Sasa fikiria ule ulimi wa mbao ulioingia tunduni. Siku ya kuunga ulibana barabara, unaingia kwa nyundo. Baada ya wiki umekonda upana wake, tundu limebaki na nafasi, gundi imeachia, jino linatikisika. Mtoto hajakosea kukata, mbao imemhama mkononi.

Baba Ilham

Iliangushwa mwezi na siku kabla ya kuanza. Tukaianika juani juu ya bati ili ikauke haraka.

PatasiMkononi

Juu ya bati! Hiyo mmeipika. Nje imekauka ikakaza na ndani bado mbichi, na ncha zikapasuka bila shaka. Mbao inakaushwa kivulini panapopita upepo, unapanga ubao juu ya ubao na vijiti katikati ili hewa ipite, ncha unazipaka rangi yoyote au nta kwa sababu maji hukimbilia kutokea nchani. Ubao wa inchi moja wazee wanakadiria mwaka. Lakini vipande vidogo kama vya kiti havihitaji mwaka, viweke ndani ya nyumba, kila siku mbili tatu kipime kimoja kwenye mizani ya dukani, uzito ukiacha kushuka basi kimefika.

Nahodha Mstaafu

Chei chei nyote. Mimi kwetu Nungwi, kazi yangu ilikuwa vyombo vya baharini si viti, lakini mbao ni mbao.

Vipande vidogo sisi tulikuwa tunaviweka juu ya uchaga jikoni, pale moshi unapopita, kwa muda mrefu, hata dumuzi hawavipendi. Na siri nyengine wanangu, ukiwa na mbao mbili, moja kavu na moja ina unyevu kidogo, ile kavu ndo uichonge ulimi na ile yenye unyevu ndo uichimbe tundu. Tundu likikauka litausinyalia ulimi, litaubana mpaka kiyama. Ukifanya kinyume ndo hayo ya jino.

Na msidhani kucheza ni aibu. Mitepe ya zamani haikuwa na msumari hata mmoja, mbao zilishonwa kwa kamba ya usumba na vijiti vya mbao, chombo kizima kinapumua na mawimbi na kinafika. Kuna mmoja waliunda mwaka 2003 kwa kuiga ile ya kale, wakauweka ndani ya Beit el Ajaib, lile jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, wakauita Shungwaya. Nilikwenda kuutazama nikakaa nao mchana mzima, mlinzi akanambia mzee tunafunga. Ndani ya jengo lile lile ambalo mwisho wa 2020 upande wake mmoja ulikuja kuporomoka.

Mchokozi wa Darajani

Mzee wangu Nahodha shkamoo, lakini mtoto wa watu anataka maksi, mtepe maalim hataki.

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Kiti chako cha Mwanakwerekwe kimepigwa misumari, njoo huku pwani ukae nacho miaka mitatu uone hewa ya chumvi inavyokula msumari. Unakutwa umeketi juu ya kutu.

Baba Ilham

Nashukuru nyote. Sasa kwa lugha ya muuza vipuri, ule ulimi uliokonda tunafanyaje? Ilham anataka kujaza unga wa mbao na gundi tunduni, rafiki zake wote wanafanya hivyo.

PatasiMkononi

Mwambie asifanye. Unga wa mbao na gundi ni wa kuziba ufa mdogo usionekane, hauna nguvu ya kubeba mtu, na mtoto hakai kwenye kiti, anakirukia.

Afanye hivi. Kiungo kile kinachotikisika akivute taratibu, kitatoka. Kama chengine kinang'ang'ania na lazima kitoke, achovye kitambaa kwenye maji ya moto na siki, akizungushie kiungo, aache dakika kumi, arejee tena. Gundi nyeupe ya mbao hulainika kwa joto na maji. Asipige nyundo mbao kwa mbao, aweke kipande cha ubao katikati. Kikishatoka aikwangue gundi ya zamani yote mpaka aone mbao tupu, gundi haishiki juu ya gundi iliyokauka, hapo ndo wengi wanapoumia.

Halafu achukue randa, aitoe randu moja ndefu nyembamba kwenye kipande cha mfenesi ule ule, ile takataka inayojikunja kama utepe. Aikate ienee ubavu wa ulimi, aibandike kwa gundi, nyuzi zielekee kule kule zinakoelekea nyuzi za ulimi. Ikikauka ajaribu kuingiza. Ikiwa bado, abandike upande wa pili. Ukikaza kupita kiasi apunguze kwa patasi, kidogo mno, unataka uingie kwa kusukuma na kiganja na kugongwa mara mbili. Ukiingia kwa nguvu za Mungu utaupasua mguu.

Ulimi wake una unene gani?

Baba Ilham

Anasema theluthi ya unene wa mbao, maalim ndo aliwaambia.

PatasiMkononi

Maalim yuko sawa, huyo anajua. Akitia gundi sasa anaubana kwa nini? Mnazo klempu?

Baba Ilham

Skuli zipo mbili na watoto ni wengi. Nyumbani nliweka tofali juu.

PatasiMkononi

Tofali linakandamiza chini wakati mnataka kubana ubavuni. Chukua kamba ya usumba au mpira wa ndani wa baskeli, wewe ndo mwenye duka, zungusha miguu yote minne mara mbili, funga, ingiza kijiti katikati ya kamba mbili na uisokote. Kila ukizungusha kijiti kamba inakaza na viungo vinasogea, utaona gundi inachungulia pembeni. Hiyo ndo dalili nzuri. Kisha kifunge kijiti kisirudi. Weka vipande vya kadibodi pembeni kamba isiume mbao.

Hapo hapo gundi ikiwa mbichi pima mishazari. Pembe hii hadi ile ya mkabala, halafu nyengine mbili. Zikiwa sawa fremu iko mraba. Zikitofautiana sukuma ile ndefu, unaweza kukiegemea kiti kwa tumbo, mie nimefanya. Una dakika kumi hivi kabla gundi haijaanza kushika, kwa hivyo mjaribu kwanza vikavu bila gundi, kila mtu ajue ashike wapi. Baada ya hapo kiachwe mpaka kesho wakati ule ule, msikijaribu kukikalia.

Fundi Mkunazini

Dada Patasi keshasema vizuri, naongeza moja. Akishaunga, achukue rula mbili zilizonyooka, moja ailaze juu ya miguu ya mbele kiti kikiwa kimepinduliwa, nyengine juu ya miguu ya nyuma, ainame atizame kwa jicho moja. Rula zikiwa zimelala sambamba, kiti hakijajipinda. Moja ikiinua kichwa, kiti kimejipinda na kila mguu utakaokata utakuwa unaficha maradhi tu.

Na nasubiri jibu langu.

Baba Ilham

Haya Fundi nimekubali. Nlikata mie.

Yeye alikuwa kashalala. Nikatoka baada ya isha nikaona kiti pale barazani kinacheza, nikasema msumeno mara moja tu asubuhi akute kimetulia afurahi. Mara moja ikawa mbili. Kisha nikakiona kimezidi nikakata tena kwa hasira. Sijamwambia. Anadhani mbao imejikunja. Nyie humu hamjui jina langu la nyumbani kwa hivyo naandika.

Bi Mkubwa wa Mkoani

Subhanallah. Na hilo jina Baba Ilham ulilojiita umedhani linaficha nini?

Kijana wa Chake

😂😂😂

Fundi Mkunazini

Basi Mungu kakusitiri, tutakitengeza. Viungo vikishakaa, kiti kiweke juu ya kitu kilichonyooka kweli, barza ya marumaru ya jirani inafaa au kioo kinene juu ya meza. Chini ya mguu mfupi weka vikaratasi au vipande vya kadibodi mpaka kiti kisitikisike. Sasa angalia kikalio, kimelala sawa? Pima kutoka chini hadi kila pembe ya kikalio, ongeza vikaratasi mpaka zilingane. Egemeo nalo lilale nyuma kidogo, lisisimame kama askari.

Kisha chukua kipande cha mbao kimelala chini, unene wake ufikie ncha ya chini ya ule mguu mfupi kuliko yote, weka penseli juu yake, zungusha penseli kila mguu pande zote nne. Utapata mstari mmoja ulio sawa kutoka sakafuni kwa miguu yote. Kata palepale penye mstari, piga msasa pembe za chini kidogo mguu usipasuke ukiburutwa. Mara moja tu. Na akate mtoto.

Kimebaki kimo gani hivi sasa?

Baba Ilham

Tukikisawazisha kwa mguu niliokata mie kitabaki sentimita 28 na kitu. Mchoro unasema 30. Ndo kinachoninyima usingizi, maalim atapima.

Bi Mkubwa wa Mkoani

Kiti ni cha mtoto gani? Yupo mtoto wa kukalia au cha maonyesho?

Baba Ilham

Cha mdogo wake, Sele, ana miaka mitano, yuko nasari.

Bi Mkubwa wa Mkoani

Sasa mbona hamkumpima Sele? Mie nimelea nasari miaka mingi, viti tulivyoletewa vilikuwa vyote vya kimo kimoja, nusu ya watoto miguu inaning'inia. Mtoto miguu ikining'inia anaumia chini ya mapaja, baada ya dakika tano anapiga magoti juu ya kiti, kisha anaanguka, mnasema mtundu. Mvue viatu, mkalishe mahala goti likunjike sawa, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Hicho ndo kimo cha kiti chake. Na kikalio kisiwe kirefu kwenda nyuma mpaka kikagusa nyuma ya goti, uache vidole viwili vitatu.

Baba Ilham

Bi Mkubwa, nimempima sasa hivi, kakataa kutulia mpaka nikampa embe. Sentimita 28.

Ishirini na nane!

Mchokozi wa Darajani

Kumbe usiku ule ulikuwa unapima kwa ilhamu. Fundi wa kuzaliwa huyo.

Fundi Mkunazini

Asikutie kichwa. Bahati hiyo, usirejee.

Kijana wa Chake

Mie naulizia mwisho wake, kipakwe nini? Babu yangu vitu vyake vyote vya mbao anapaka oili chafu ya gari, mchwa hawasogei.

PatasiMkononi

Hapana hapana. Oili chafu ina taka za injini na madini humo, haikauki vizuri na kiti hiki mtoto atakilamba, atakula embe juu yake, ataweka shavu. Oili chafu ni ya nguzo za uzio. Kiti cha mtoto kipigwe msasa wa 80 kwanza, kisha 120, kisha 180, kila mara kwa kufuata nyuzi, ukikata nyuzi mikwaruzo yote inajitokeza ukipaka vanishi, utaona aibu. Pembe zote zipoteze ukali. Kisha vanishi ya maji, mikono mitatu myembamba, au nta ya nyuki ukiipata, unaisugua kwa kitambaa mpaka mbao inapata joto. Rangi ya kopo la zamani lisilo na lebo usiipake, rangi za zamani nyengine zina risasi.

Nahodha Mstaafu

Kuna sifa. Mafuta ya papa, chombo hupakwa hayo, maji hayaingii.

Bi Mkubwa wa Mkoani

Nahodha mtoto akikalia kiti cha sifa paka wote wa Wete watamfuata mpaka chuoni.

Nahodha Mstaafu

Lakini hatoumwa na dumuzi.

Baba Ilham

Jamani mrejesho. Kiungo kimetoka kwa mkono tu, hakikutaka hata siki. Kabandika randu pande mbili, kaingiza, katia gundi, tukasokota kwa mpira wa baskeli wa inchi 26 na kijiti cha mwiko, mamake anautafuta mwiko hadi sasa. Mishazari ilitofautiana nusu sentimita, kakisukuma kwa tumbo kikakaa. Kwenye marumaru kazungusha penseli, kakata mwenyewe, mie nlikaa mbali mikono mfukoni. Kimewekwa chini. Hakichezi. Nlikisukuma pembe zote nne kwa kidole, hakichezi.

Vanishi leo, kesho anapeleka.

PatasiMkononi

Mashaallah. Mwambie asipake vanishi jioni umande ukishaanza kuanguka, itaota weupe kama maziwa. Asubuhi jua likishapanda, ndani.

Baba Ilham

Assalaam alaykum. Anaeandika ni Ilham, si baba, simu kaiacha kwenye chaji. Shkamooni wakubwa.

Uzi huu nimeusoma wote tangu juzi. Baba anadhani sikujua. Asubuhi ile niliamka nikakuta unga wa mbao barazani chini ya mkeka, manjano mbichi, na unga wangu mie nlishaufagia jioni. Na mguu uliokatwa ulikuwa umekatwa kwa kuyumba, mie sikati hivyo. Nikanyamaza kwa sababu alikuwa anajitia kunionea huruma ati mbao imejikunja, nikaona nimwache.

Kiti kimepimwa jana. Maalim kaweka rula akasema 283, mchoro 300, kwa nini? Nikamwambia nimempima mdogo wangu nyuma ya goti, ni 280, na miguu inafika chini. Akanyamaza kidogo, akaniambia niandike hicho kipimo kwenye ripoti na nichore goti. Nimepata 22 kati ya 30. Kakata maksi kwenye kiungo kimoja kwa sababu randu niliyobandika inaonekana mstari mweusi ukitizama kwa karibu, na kakata pia kwa kuchelewa siku moja. Kwa kimo hakukata kitu.

Ami Fundi na dada Patasi nashukuru sana. Nina suali, muhula ujao tunafanya sanduku lenye droo. Mbao ya mfenesi iliyobaki nimeshaipanga juu ya kabati na vijiti katikati, napima kipande kimoja kwa mizani ya duka la baba kila Ijumaa, kimeshuka gramu 40 na bado kinashuka. Je droo niache nafasi kiasi gani pembeni ili masika isivimbe ikakwama?

Msumeno nimeuficha, baba asiulize.

Fundi Mkunazini

Marahaba mwanangu. Ubao wa mbele wa droo usizidi upana wa kiganja, juu yake acha milimita tatu, pembeni moja na nusu kila upande inatosha, maana urefu hauvimbi, kinachovimba ni upana. Sugua sabuni kavu ya mche pale inapopita. Na usianze kukata mpaka mizani isimame Ijumaa tatu mfululizo.

Bi Mkubwa wa Mkoani

Na mwiko wa mama urudishe.